Kiarabu cha Kitabu na Kiarabu cha Kinywa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa kama lilivyosomwa, ili wanakikundi walisome tena pole pole pamoja na mwalimu wao.

Sogezeni redio karibu, fungueni madaftari, na yule anayeandika upesi akae mbele.

Leo nitajibu swali la kikundi cha Choma. Barua yao inasema hivi: Vijana wetu wanataka kwenda nchi za Uarabuni kutafuta kazi. Wengine wamesoma madrasa tangu utoto, na wanasoma Kiarabu bila kukwama. Mbona wakifika huko hawaelewani na wenyeji?

Swali hili ni zuri, na jibu lake linamfaa kila mtu anayejifunza lugha yo yote. Jibu kwa ufupi ni hili: Kiarabu kina sura mbili. Iko sura ya kitabu na iko sura ya kinywa. Aliyefundishwa moja hajafundishwa nyingine. Sasa twende hatua kwa hatua.

MKATE AU WALI?

Kwanza nitawapa kisa. Binti mmoja wa huku kwetu, ambaye jina lake sitalitaja, alipata kazi ya nyumbani katika nchi mojawapo ya Ghuba. Kabla ya kuondoka alijifunza Kiarabu kwa miezi michache kwa mwalimu wa jioni. Mwalimu yule alikuwa amejifunza Kiarabu cha Misri, naye hakuwaambia wanafunzi wake kwamba anafundisha cha Misri. Alisema tu: hiki ndicho Kiarabu. Akawafundisha kwamba neno eish maana yake ni mkate.

Binti akafika. Siku ya pili mama mwenye nyumba akamwambia alete eish mezani. Binti akaleta mkate. Mama akatikisa kichwa, akasema tena: eish! Binti akadhani mkate hautoshi, akaleta mwingine. Mama akakasirika, akaona amepewa mtu mbishi. Kumbe katika nchi za Ghuba neno eish ni wali. Binti huyu amezaliwa katika nchi ya mpunga, amevuna mpunga tangu utoto, na sufuria ya wali ilikuwa jikoni imeiva tayari. Lakini siku ile alilala akilia kwa sababu ya neno moja.

Aliponisimulia alikuwa amekwisha rudi nyumbani, na alicheka. Lakini aliniambia kwamba wakati ule hakucheka. Alisema: "Mwalimu, kosa lile halikuwa langu. Hakuna aliyeniambia kwamba Kiarabu si kimoja."

Tazameni sasa jambo la ajabu. Katika Kiarabu cha kitabu, neno lile lile husomwa aish, na maana yake ni kuishi, au maisha. Maneno yetu ya Kiswahili kuishi na maisha yametoka katika shina hilo hilo la Kiarabu. Basi Mmisri huuita mkate uhai, na mtu wa Ghuba huuita wali uhai. Kila mtu huita uhai kile kinachomshibisha. Sisi tungalikuwa Waarabu, labda tungaliuita ugali.

TUANZE NA KISWAHILI CHETU

Msifikiri kwamba jambo hili ni geni kabisa. Kitabuni tunaandika: Nimekwisha kula. Nyumbani tunasema: Nimeshakula, na wengine husema: Nishakula. Kitabuni tunaandika: Ninakwenda sokoni. Njiani tunasema: Naenda sokoni. Hakuna anayeshangaa. Kila mtu anajua lipi la barua na lipi la barazani.

Lakini katika Kiswahili tofauti hii ni ndogo, kama hatua moja ya kuvuka mfereji. Katika Kiarabu ni pana kama mto. Unaweza kuuvuka, lakini lazima ujue kwamba upo, na lazima utafute mahali pa kuvukia.

Waarabu wenyewe wana majina ya sura hizi mbili. Kiarabu cha kitabu huitwa fus-ha. Sikilizeni neno hilo vizuri. Sisi tunasema: fulani ni msemaji fasaha, au, ana ufasaha. Ni shina moja. Kiarabu cha kinywa huitwa ammiya, maana yake lugha ya watu wote, lugha ya kila siku.

Sasa chukueni kalamu. Nitasema maneno machache, nanyi mtayaandika kwa herufi zetu. Herufi zetu hazitoshi kuonyesha kila sauti ya Kiarabu, lakini zitatupa picha.

Tunapotaka kumwuliza mwanamume: Hali yako?
Kitabuni: Kaifa haluka?
Misri: Izzayyak?
Ghuba: Shlonak?

Tunapotaka kuuliza: Unataka nini?
Kitabuni: Madha turidu?
Misri: Ayiz eh?
Omani: Mo tabgha?

Tunapotaka kuuliza: Unakwenda wapi?
Kitabuni: Ila aina tadh-habu?
Misri: Raayih fein?
Ghuba: Wein raayih?

Tunapotaka kusema: Sasa.
Kitabuni: Al-ana.
Misri: Dilwa'ti.
Ghuba: Al-hin.

Someni tena mistari hiyo. Mtaona kwamba mtu aliyejifunza mstari wa kwanza tu hawezi kuukisia wa pili wala wa tatu. Si kwamba amesoma vibaya. Amesoma kitu kingine.

Na si maneno tu, hata sauti hubadilika. Kinywaji tunachokiita kahawa, kitabuni ni qahwa, na sauti yake ya kwanza hutoka nyuma kabisa kooni. Mtu wa Kairo huiacha sauti hiyo akasema ahwa. Watu wengi wa Ghuba husema gahwa. Vile vile, yule rais wa Misri aliyefariki mwaka 1970, Wamisri humwita Gamal Abdel Nasser, kwa sababu sauti ya j kwao hutamkwa g. Kitabuni, na katika nchi nyingine nyingi za Kiarabu, jina hilo ni Jamal.

KWA NINI IMEKUWA HIVI?

Kiarabu cha kitabu ni cha zamani sana. Kina msingi wake katika mashairi ya kale ya Waarabu na katika Kurani, iliyoteremka katika karne ya 7. Baada ya hapo wataalamu wa miji ya Basra na Kufa, katika nchi iitwayo leo Iraki, waliandika kanuni zake. Mkubwa wao alikuwa Sibawayhi wa Basra, aliyeishi katika karne ya 8. Nawaomba mkumbuke jambo moja juu ya Sibawayhi. Hakuwa Mwarabu kwa asili, bali Mwajemi. Mtu wa kabila lingine aliandika kitabu cha sarufi ambacho Waarabu wenyewe wamekitegemea kwa zaidi ya miaka 1,200. Basi asiwepo mtu hapa Choma wa kusema: Mimi si Mwarabu, sitaweza.

Kanuni zile ziliishika lugha ya kitabu isigeuke sana. Lakini kinywa hakifungwi kwa kanuni. Waarabu walisafiri, wakakaa na Wamisri, na Waberiberi wa Moroko, na watu wa Shamu, na Waajemi. Kila mahali lugha ya nyumbani ikashika njia yake. Leo mtu wa Moroko na mtu wa Omani, kila mmoja akizungumza Kiarabu cha mamake, huweza kukwama kabisa. Wakitaka kuelewana, wote wawili husogea upande wa kitabu.

Na hapa liko jambo ambalo wengi hawalijui. Hakuna mtoto anayezaliwa leo nyumbani kwa watu wanaozungumza fus-ha kila siku. Mtoto wa Kiarabu hunyonya ammiya pamoja na maziwa, kama mtoto wa Kinyamwezi anavyojua kusema Mwangaluka kabla hajaona kitabu. Fus-ha huja kujifunza shuleni. Maana yake, mtoto wa Maskati anayeingia darasa la kwanza ana kazi ya kujifunza sura ya pili ya lugha yake mwenyewe.

Waarabu si peke yao. Huko Uswisi, watoto wanaosema Kijerumani nyumbani hutumia Kijerumani cha kwao, na shuleni hufundishwa kuandika Kijerumani cha vitabu. Mwaka 1959 mtaalamu wa Marekani aitwaye Charles Ferguson aliandika makala juu ya hali hii, akaeleza lugha nne: Kiarabu, Kijerumani cha Uswisi, Kigiriki na Krioli ya Haiti. Alionyesha kwamba kila sura ina kazi zake, na watu hawachanganyi ovyo. Fus-ha ni ya hotuba, ya taarifa ya habari, ya gazeti, ya barua ya serikali. Ammiya ni ya jikoni, ya sokoni, ya mzaha na ya ugomvi. Mtu akiagiza samaki sokoni kwa fus-ha, watu watatabasamu. Mtu akiandika barua ya ofisi kwa ammiya, ataonekana hakusoma.

Mimi mwenyewe yamenipata. Nilipokuwa nasomea stashahada yangu nilijifunza Kiarabu cha kitabu kwa bidii. Siku moja nikakutana na mfanyabiashara kutoka Omani, nikamsalimu na kumweleza habari zangu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Ndugu yangu, umesema vizuri sana. Unasema kama redio." Nikacheka, lakini nilielewa. Tena yeye aliponijibu kwa Kiarabu cha kwao, nilishika neno moja katika matano.

Lakini msidhani kwamba sura hizi mbili zimetengwa kwa ukuta. Ni kama ngazi. Mwarabu aliyesoma hupanda na kushuka. Akizungumza na mgeni au na mkubwa wake hupanda juu kidogo, akiwa na watoto wake hushuka. Ndiyo sababu yule Mwomani alinielewa mimi. Aliyezaliwa na lugha hushuka na kupanda bila kufikiri. Mgeni huhitaji kufundishwa vipandio.

TABORA NA NJIA YA MISAFARA

Labda mtauliza: Mbona babu zetu waliishi na Waarabu Tabora miaka mingi, na hatukupata Kiarabu cha mazungumzo?

Mnajua kwamba mji wa Tabora, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kaze, ulikuwa kituo kikubwa katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Waarabu waliotoka Omani na Unguja walijenga nyumba zao Unyanyembe. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kaze. Burton alijua Kiarabu, akakaa na kuzungumza na mwenyeji wao, Snay bin Amir. Speke alikuwa na Kihindustani, na kwa lugha hiyo alizungumza na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kukaa India. Lakini msafara haukuongozwa kwa Kiarabu wala kwa Kihindustani. Wapagazi Wanyamwezi, waungwana wa pwani na wenye mali, wote walikutana katika Kiswahili.

Basi Kiarabu kilikaa wapi? Kilikaa katika barua za biashara, katika hesabu, katika kusoma Kurani, na katika mazungumzo ya Waarabu wao kwa wao. Njiani na sokoni kilitawala Kiswahili. Hata Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Unyanyembe, alipoandika habari za maisha yake aliziandika kwa Kiswahili. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, lakini lugha ni Kiswahili. Mkono ulishika Kiarabu, na kinywa kilishika Kiswahili.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala wa Omani mwaka 1970, watu wengi wenye asili ya Omani walihamia huko kutoka Unguja, Pemba na bara. Wengi wao walikuwa wamezaliwa na kulelewa katika Kiswahili. Walikuwa wamesoma Kurani tangu utoto, na majina yao yalikuwa ya Kiarabu. Hata hivyo wengi iliwabidi wajifunze upya kuzungumza Kiarabu, katika nchi ya babu zao. Mpaka leo ziko nyumba Maskati ambamo Kiswahili husikika.

Basi mnaona. Kusoma ni kazi moja, kuzungumza ni kazi nyingine. Madrasa ya Kurani haikuvunja ahadi. Haikuahidi kufundisha mazungumzo ya sokoni. Iliahidi kufundisha kusoma kwa ibada, na kazi hiyo inaifanya. Kosa ni letu tunaodhani kwamba anayesoma atasema.

NJIA TATU ZA KUFUNDISHA KUSEMA

Walimu wa Kiarabu wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Nitaeleza njia tatu.

Njia ya kwanza ni kufundisha fus-ha peke yake, hata katika mazungumzo. Wanaoipenda wana hoja yenye nguvu. Wanasema: Fus-ha inaeleweka na waliosoma kila mahali, kutoka Moroko mpaka Omani. Ina vitabu, ina kanuni, na mwanafunzi hachanganyikiwi. Tena, tukifundisha lugha ya kinywa, tufundishe ya nchi gani? Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini matokeo yake mmeyasikia: mwanafunzi anasema kama redio, na hasikii anapojibiwa.

Njia ya pili ni kufundisha lugha ya kinywa peke yake. Mwanafunzi hufurahi, kwa maana baada ya wiki chache anaweza kusalimu, kununua na kuuliza njia. Hii humfaa mwenye haraka. Lakini mwanafunzi huyu hubaki kipofu mbele ya karatasi. Nitarudi kwenye hatari hiyo.

Njia ya tatu ni kufundisha zote mbili, kila moja katika kazi yake. Wakati wa kusoma na kuandika, fus-ha. Wakati wa kusikiliza na kusema mambo ya kila siku, lugha ya kinywa ya nchi moja iliyochaguliwa. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwalimu Munther Younes alijulikana kwa kufundisha hivi, akitumia Kiarabu cha Shamu kwa kusema na fus-ha kwa kusoma. Wanaopinga husema kwamba mzigo ni mzito kwa mwanafunzi mgeni. Wanaokubali hujibu kwamba mzigo huo ndio alio nao Mwarabu mwenyewe, na ni afadhali kuuzoea mapema kuliko kuukuta uwanja wa ndege.

Mimi nasimama na njia ya tatu, lakini kwa sharti moja. Mwalimu aseme wazi, siku ya kwanza, anafundisha nini na saa ngapi. Akiandika neno ubaoni, aweke alama: hili la kitabu, hili la kinywa. Yule binti wa mkate na wali hakuangushwa na ugumu wa Kiarabu. Aliangushwa na mwalimu aliyenyamaza.

Na katika somo la kusema, sikio litangulie. Kwanza mwanafunzi asikilize sentensi mara nyingi. Kisha airudie. Kisha ajibu swali. Mwisho kabisa ndipo aione imeandikwa. Ndivyo ninyi nyote mlivyojifunza Kiswahili, au Kinyamwezi, au Kisukuma. Mlisikia kwa miaka, ndipo mkasema, na wengi wenu mnaandika sasa.

USITUPE KITABU

Sasa nasema jambo zito, nanyi wazazi lisikilizeni kwa makini.

Mtu asije akaondoka hapa akisema: Afisa elimu amesema fus-ha haina kazi. Sikusema hivyo. Kijana anayekwenda kazini Uarabuni hukutana na sura mbili siku moja. Mwajiri husema naye kwa lugha ya kinywa. Lakini mkataba wa kazi, ukiandikwa kwa Kiarabu, huandikwa kwa lugha ya kitabu. Mwenye kinywa tu atajua kuomba maji na kuuliza duka liko wapi, halafu atatia sahihi yake chini ya karatasi asiyoweza kuisoma. Ni kazi gani, ni saa ngapi, ni mshahara gani, pasi ya kusafiria itakaa kwa nani, yote yako katika karatasi ile.

Tena liko jambo la kutia moyo. Maneno ya mkataba hayako mbali nasi kama tunavyodhani. Mkataba kwa Kiarabu ni akd, nasi tunasema akdi ya ndoa. Malipo ya kazi ni ujra, nasi tunasema ujira. Muda ni mudda. Mwezi ni shahr, na katika shina hilo limetoka neno letu mshahara, yaani malipo ya kila mwezi. Hesabu ni hisab. Sita ni sitta, saba ni sab-a, mia ni mia, elfu ni alf. Mtu aliyesoma herufi za Kiarabu madrasa, akionyeshwa maneno haya, anaweza kuanza kuisoma karatasi. Hapo ule usomaji wa utotoni unamfaa kwa kazi ya pili.

Lakini angalieni, maneno mengine yamegeuka maana njiani. Hasira kwetu ni ghadhabu, lakini hasra katika Kiarabu ni majuto au huzuni. Karibu kwetu ni neno la kumpokea mgeni, lakini karib katika Kiarabu ni kitu kisicho mbali, na hakuna atakayeingia ndani ukimwambia hivyo mlangoni. Basi neno linalofanana na letu liulizwe kwanza, ndipo liaminiwe.

Tena nawaomba, mkataba wo wote usitiwe sahihi kwa kukisia. Upelekwe kwa mtu anayesoma na anayeaminika, mbele ya mzazi, na nakala moja ibaki nyumbani.

MASWALI YA KUMWULIZA MWALIMU KABLA YA KULIPA ADA

Kuuliza si ujinga. Mwanao akitaka kujiunga na darasa la Kiarabu, nenda naye, umwulize mwalimu mambo manne.

La kwanza: Unafundisha Kiarabu cha kitabu, au cha kinywa, au vyote viwili?
La pili: Kama ni cha kinywa, ni cha nchi gani? Anayekwenda Omani asifundishwe cha Misri pasipo kuambiwa.
La tatu: Katika saa moja ya somo, wanafunzi wanasema wenyewe kwa dakika ngapi? Darasa ambalo mwalimu peke yake anasema halifundishi kusema.
La nne: Watafundishwa kusoma maneno ya mkataba, ya hospitali na ya kituo cha polisi?

Mwalimu mzuri hatakasirika kwa maswali haya. Atafurahi kwamba amepata mzazi anayejua anachonunua.

Ndugu wasikilizaji wa Choma, hilo ndilo jibu la barua yenu. Vijana wenu hawakusoma bure. Wamejenga nusu ya nyumba, nayo ni nusu nzuri. Msiwaache waihamie kabla ya kujenga nusu ya pili.

MAZUNGUMZO KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chenu, nani amesoma madrasa? Aseme ni maneno gani ya Kiarabu anayoweza kuyasoma, na yapi anayoelewa maana yake.

2. Tajeni mambo matatu ambayo mnayasema kwa namna moja nyumbani na kuyaandika kwa namna nyingine katika barua.

3. Kwa nini yule mama mwenye nyumba alimwona binti mbishi? Kosa lilikuwa la nani, na lingeweza kuzuiwa wapi?

4. Kijana ana miezi mitatu tu kabla ya safari. Mngemshauri aanze na Kiarabu gani, na kwa nini? Wasiokubaliana wasikilizwe mpaka mwisho.

KAZI YA NYUMBANI

Andika katika daftari lako maneno kumi ya Kiswahili ambayo unadhani yametoka katika Kiarabu. Mbele ya kila neno andika linatumika wapi: sokoni, nyumbani, ofisini au katika ibada. Mpelekee mwalimu wako siku ya darasa, naye mtayalinganisha na kamusi.

Andikeni pia majibu ya mazungumzo yenu, kwa mkono wa mmoja wenu aliyejifunza kuandika mwaka huu, mkayatume kwetu. Tutayasoma hewani. Haidhuru mistari ikienda upogo. Kwaherini mpaka wiki ijayo.